Kutoka Kandili hadi LED: Taa Yako ya Mapambo Inataka Globu Gani?



Wiki mbili kabla ya harusi yake, binti mmoja wa mtaani kwetu alinunua taa ya shaba iliyotobolewa nakshi, zile za mtindo wa Moroko na Misri. Dukani ilikuwa inamwaga maua na nyota ukutani mpaka darini. Kaipeleka chumbani kwake, fundi kaitundika, swichi ikabonyezwa, na ukuta ukabaki mtupu. Mwangaza mweupe tu, kama wa dukani kwa muuza samaki. Akaja kwangu machozi yanamlengalenga, ameibiwa, taa mbovu, na pesa ni za mahari yake mwenyewe.

Taa haikuwa mbovu hata kidogo. Alikuwa ametia globu kubwa nyeupe isiyopenya macho, ile inayouzwa kila duka kwa sababu inatumia umeme mdogo. Globu nzuri kwa jikoni. Kwa taa ile haikufaa, na sababu ya kutofaa ni ya zamani kuliko umeme wenyewe. Nikaona bora niwaandikie, maana msimu wa harusi umekaribia na wengi mnapamba nyumba.

Tuanze na moto. Karibu kila taa ya mapambo tunayoipenda leo, iwe fanusi, thurea ya vigae vya kioo, au kibweta cha shaba chenye matundu, umbo lake lilitoka wakati ambapo ndani yake kulikuwa na moto mdogo. Katika Suratun Nur, aya ya 35, mfano wa nuru umepigwa kwa vitu vya nyumbani kabisa: shubaka la ukutani, taa, kioo, na mafuta ya mzaituni. Waislamu wa mwanzo walioisikia aya ile hawakuhitaji kuelezwa shubaka ni nini. Hata sisi wa pwani tunalijua: ni ndugu wa kidaka, zile zidaka zilizochongwa kwenye kuta nene za chokaa katika nyumba za mawe za Lamu, Pemba na Unguja. Taa ikiwekwa ndani ya kuta tatu nyeupe, mwanga wake haupotei, unarudi chumbani. Ni njia ya kuongeza mwangaza bila kuongeza mafuta.

Karne ya 14 mjini Cairo, wakati wa masultani wa Kimamluki, mafundi wa kioo walitengeneza taa za msikitini ambazo hadi leo zinawekwa katika majumba makubwa ya makumbusho duniani. Ni vioo vyenye umbo la jagi, tumbo nene na shingo pana, vimepakwa rangi na dhahabu, na mara nyingi shingoni imeandikwa aya ile ile ya nuru. Msikiti wa Sultan Hasan peke yake ulikuwa nazo nyingi. Ndani ya kila moja kiliwekwa chombo kidogo cha mafuta na utambi. Mwali ukiwaka, maandishi yanang'aa kutoka ndani. Angalieni vizuri: kioo kilipambwa kwa kutegemea kwamba nuru itakuwa ndogo, ya rangi ya asali, na itakaa katikati. Ukitia humo nuru pana na nyeupe, rangi zote zinapauka.

Moto nao ulikuwa na adabu zake. Katika hadithi zilizomo kwenye Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliamrisha taa zizimwe watu wanapolala, na sababu imetajwa waziwazi: panya anaweza kuuvuta utambi akaichoma nyumba pamoja na watu wake. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi kulala bila kupita kila chumba, ingawa kwetu umeme ulishaingia zamani. Mkimuuliza anaogopa nini, anasema panya.

Hapa kwetu visiwani watu wa kawaida walitumia mafuta ya nazi na ya ufuta, kisha yakaja mafuta ya taa, na ndipo kibatari, kandili na baadaye karabai vikatawala. Wenye uwezo walikuwa na kingine. Karne ya 19 biashara ya karafuu na pembe za ndovu ilileta katika nyumba za Mji Mkongwe vioo virefu, saa za ukutani, vyombo vya kaure, na thurea kutoka Ulaya. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, ameeleza namna vyumba vya watu wakubwa vilivyokuwa na zidaka zilizojaa vyombo vya kaure na vya kioo. Nikisoma sehemu hiyo huwa nafikiria jioni tu: mwali mmoja wa taa, na vioo vyote vile vinaupokea na kuurudisha.

Neno thurea lenyewe ni zuri. Kwa Kiarabu ni jina la lile kundi la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia. Taa moja, nyota nyingi. Na hiyo ndiyo kazi ya thurea: kila kigae cha kioo kimekatwa pembe ili kivunje mwali mdogo kuwa vimeremeto vidogo vidogo. Mwali ukiwa mdogo na wazi, kigae kinameta. Nuru ikiwa pana na yenye ukungu, kigae kinakuwa plastiki machoni, hata kama umekilipia bei ya kioo cha kweli.

Umeme ulipokuja, uliingia kwa mlango wa kifalme. Ndugu yake Sayyida Salme, Sultan Barghash, alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, miaka minne tu baada ya Thomas Edison kuonyesha globu yake hadharani huko Marekani. Likawa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme. Jumba la Maajabu halikupewa jina lile bure. Nasikitika kila nikipita Forodhani, tangu upande wake ulipoporomoka Disemba 2020.

Sasa globu ile ya kwanza ilikuwa nini? Ilikuwa ni moto mdogo uliofungiwa ndani ya kioo. Uzi mwembamba, mwanzo wa kaboni, kisha wa tangsteni mwanzoni mwa karne ya 20, unapitishwa umeme mpaka unawaka. Kwa hiyo taa za mapambo ziliupokea bila ugomvi. Thurea zilizokuwa na mishumaa zikatiwa globu zenye umbo la mwali wa mshumaa, ncha juu, na chini ya kila moja kigogo cheupe cha kuigiza nta. Ndiyo maana mpaka leo thurea nyingi zina holda nyembamba ya kuzungusha ya milimita 14, inayoandikwa E14. Ile pana ya kuzungusha, E27, ni ya milimita 27 na imetokana na Edison. Ile ya pini mbili za kusukuma na kupinda, B22, ndiyo tuliyoizoea majumbani, ni urithi wa Waingereza. Mkiona taa nzuri ya Dubai inashindikana kupata globu Darajani, mara nyingi tatizo ni hili tu, la Waingereza na Wamarekani kutokubaliana.

Lakini moto ule mdogo ulikuwa mlafi. Globu ya uzi inageuza umeme wake karibu wote kuwa joto, na kiasi cha asilimia 5 tu kuwa nuru. Chukueni thurea ya ukumbini yenye globu nane za wati 40. Ni wati 320. Iwasheni saa tano kila usiku, mwezi wa siku 30 utakula uniti 48, thurea peke yake, kabla ya friji, kabla ya pasi, kabla ya feni. Wanaonunua umeme wa TUKUZA wanajua uniti 48 ni nini.

Na kisiwani umeme si kitu cha kudhania kipo. Unguja ilianza kupata umeme wa bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980, waya mmoja kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei na Juni 2008 tulikaa karibu mwezi mzima gizani. Kisha Disemba 2009 ukakatika tena, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu! Waliofunga ndoa kipindi kile wanazo picha za harusi zenye mwanga wa jenereta, na wengine kandili za mabibi zilitolewa uvunguni zikafutwa masizi. Waya mpya mkubwa, wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013. Wenzetu wa Pemba walikuwa wakitegemea majenereta ya dizeli mpaka 2010, ulipofika waya wao kutoka Tanga. Nayasema haya ili msione suala la globu ni la urembo tu. Mwanamke wa kisiwani amefundishwa kubana umeme na bahari yenyewe.

Kwa hiyo enaji seva zilipoenea tulizipokea kwa mikono miwili. Historia yake inafurahisha kidogo. Baada ya bei ya mafuta kupanda duniani mwaka 1973, mhandisi wa General Electric aitwaye Edward Hammer alifikiria kuikunja taa ndefu ya bomba iwe kama chemchemi ya kitanda, na mwaka 1976 akafaulu. Kampuni yake ikaona mashine za kuitengeneza ni ghali mno, ikaiweka kando. Philips walitoa ya kwao mwaka 1980, nzito takriban nusu kilo. Hebu mwone thurea ya vigae ikibeba nane za namna hiyo! Miaka ya 1990 viwanda vya China vikaanza kuzitengeneza kwa wingi zile za kujikunja, bei ikashuka, zikafika hadi kwetu.

Zilipunguza umeme kweli. Wati 14 au 15 zilitoa nuru iliyokuwa ikihitaji wati 60. Ila kwa taa za mapambo zilikuwa msiba, na hapa nadhani wanawake wengi walilaumiwa bila kosa. Tuliambiwa hatupendi kubana matumizi kwa sababu tulirudi kwenye globu za zamani. Wapi! Bomba lile lililokunjwa lilitokeza nje ya kioo cha taa kama ulimi. Lilichelewa kukolea. Likiwekwa kwenye swichi ya kupunguza mwangaza linacheza kama limepagawa. Ndani ya fanusi iliyofungwa lilipata joto likafa mapema, na ndani yake lina zebaki, hivyo likivunjika chumbani inabidi ufungue madirisha na usifagie kwa ufagio. Zaidi ya yote nuru yake ilitoka kwenye bomba zima, haina kitovu, kwa hiyo nakshi za shaba zikafutika ukutani. Na ile nyeupe ya kibuluu iliwafanya mabibi harusi waonekane kama wametoka kuugua. Mpambaji mmoja ninayemjua alikuwa akienda kupamba na globu yake mwenyewe mkobani.

Enaji seva sasa zinaondoka. Katika mkutano wa Mkataba wa Minamata uliofanyika Bali mwaka 2022, ilikubaliwa zikomeshwe kufikia 2025 kwa sababu ya zebaki, na waliolipeleka pendekezo la kuondoa taa za zebaki ni nchi za Afrika. Kwa hiyo ukikuta muuzaji anazitoa kwa bei ya kutupa, jua anamaliza stoo.

LED ndiyo iliyotusuluhisha, ingawa nayo haikuanza vizuri. LED nyekundu na za kijani zilikuwepo tangu zamani, ni zile nukta kwenye redio. Iliyokosekana ilikuwa ya buluu, na bila buluu hupati nyeupe. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliihangaikia mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 wakapewa Nobeli ya fizikia. Nuru ya buluu hupitishwa kwenye unga wa manjano, ikatoka nyeupe. Globu za kwanza za namna hii zilikuwa na nusu nzima ya plastiki au chuma cha kupunguza joto, na nuru ilitoka upande wa juu tu. Ukiitia kwenye thurea inayotazama juu, inamulika dari na kusahau watu.

Kisha katika miaka ya 2010 zikaenea zile zilizopangwa kwenye vijiti vyembamba vya manjano ndani ya kioo kisafi. Hizi ndizo mafundi wetu wanaziita LED za nyuzi. Ukiizima unaona vijiti, ukiiwasha unaona globu ya babu. Baada ya zaidi ya miaka thelathini ya kubana umeme, ndipo tulipopata kitu kinachotoa nuru kama mwali, katikati, kila upande. Thurea ile ya wati 320 sasa inawaka kwa globu nane za wati 4. Ni wati 32, na mwezi mzima uniti 4.8.

Kwa hiyo nikirudi kwenye swali lenu la globu ipi, mimi huuliza kwanza: taa hii ilitengenezewa mwali wa namna gani?

Taa ya shaba yenye matundu inataka nuru ndogo kabisa, wazi, iliyokaa katikati. Chagua LED ya nyuzi yenye kioo kisafi, umbo dogo, nyuzi fupi, wati 2 hadi 4. Kadiri nuru inavyokuwa nukta, ndivyo ua linavyochorwa kali ukutani. Globu kubwa ya kioo kisafi yenye nyuzi ndefu itakupa maua yenye ukungu. Na ukuta uwe karibu, rangi isiyokolea. Thurea ya vigae ni hivyo hivyo, kioo kisafi, umbo la mshumaa, ila hapo hesabu matawi kabla ya kuchagua wati, maana nane zikiwa kali mno wageni watakaa wamekunja nyuso. Kama kila tawi lina kikombe cha kioo cheupe kisichopenya, hapo usilipie zaidi kwa nyuzi ambazo hakuna atakayeziona. Ya kawaida inatosha.

Fanusi za vioo vya rangi zina siri moja ambayo wauzaji hawasemi. Kwenye boksi pameandikwa namba na herufi K, ndiyo rangi ya nuru. 2700 ni ya asali, kama globu ya zamani. Mshumaa wenyewe ni karibu 1900. 4000 ni nyeupe. 6500 ni ile ya kibuluu. Vioo vyekundu na vya kahawia vinapendeza na 2700. Kioo cha buluu hakipendezi, kwa sababu nuru ya asali ina buluu kidogo sana ya kupitisha, kinaonekana cheusi. Kwa fanusi yenye buluu nyingi jaribu 3000 au hata 4000, hata kama kila mtu amekuambia chumbani ni 2700 tu.

Wati zisiwadanganye tena. Wati ni kile unacholipa, nuru ni lumeni. Globu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 700 hadi 800 hivi, na LED ya wati 8 au 9 inafikia hapo. Kwa kioo cha kujipambia kuna namba nyengine ya kutafuta, CRI. Ikiwa 80 ni ya kawaida, ikiwa 90 na kuendelea rangi nyekundu inaonekana kama ilivyo. Bibi harusi, hii ni kwa ajili ya hina yako na mdomo wako. Nimeona hina iliyokolea vizuri juani ikionekana matope ukumbini. Globu mbili za CRI 90, moja kila upande wa kioo usawa wa uso, zinafaa kuliko moja kali juu ya kichwa.

Kama una swichi ya kupunguza mwangaza, boksi liseme globu inakubali kupunguzwa, vinginevyo itamemeteka na kufa. Kama fanusi imefungwa pande zote, tafuta iliyoandikwa inafaa kwa taa zilizofungwa, kwa sababu LED haichomi mkono kama globu ya zamani lakini kitako chake hakipendi joto. Nunua moja kwanza, ijaribu usiku, si mchana dukani, ndipo ununue nyengine saba za kampuni hiyo hiyo na namba ile ile ya K. Ukichanganya, thurea itakuwa na meno ya dhahabu na ya pembe mdomo mmoja.

Na dari za jipsamu zenye mikanda ya taa iliyofichwa? Zinapendeza, sizipingi, ila mwanga uliofichwa haumetishi kioo wala hautoboi shaba. Wengi wanauwasha pamoja na thurea halafu wanashangaa thurea imekufa. Washa kimoja.

Yule binti tulimpelekea globu ya wati 2, kioo kisafi, E14, na kipande cha kugeuzia kitako kwa sababu holda yake ilikuwa E27. Tukazima ya dirishani, mama yake akabonyeza swichi. Nyota zikajaa mpaka kwenye chandarua cha samadari, na mama mtu akauliza kama inaruhusiwa kulala ikiwa inawaka. Nikamwambia panya hawezi kuivuta, lakini amuulize mume wa binti yake kuhusu uniti.

Wabillahi tawfiq.